Uliza Kocha: Mimi na shoga angu tunaingia porini kilomita 40, nani amsubiri mwenzie?

Barua za mbio za porini zimekuja nyingi safari hii, nadhani kwa sababu masika inaisha na vikundi vya jogging vimeanza kualikana. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana imebeba maswali ya watu wengi.

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Tabata Segerea, kila jumamosi nafanya jogging na kikundi chetu cha mtaani, tunatoka Segerea mpaka Kinyerezi tunarudi. Sa kuna kikundi kingine kimetualika mwezi wa nane, mbio za porini kuanzia Kisarawe kuzunguka vilima vya Pugu, kilomita 40, wanasema sio mashindano, hamna mshindi hamna zawadi, anaetaka anatembea anaetaka anakimbia, ila mnaanza saa kumi na mbili asubuhi na mwisho wa kufika ni saa kumi jioni, vituo vya maji vinne. Nimekubali pamoja na shoga angu tuliesoma wote sekondari. Shida yeye ana mbio kuliko mimi, mbali yani, barabarani akiamua simuoni. Kaniambia tutaenda wote mwanzo mwisho ila namjua, na mi sitaki kumchelewesha na pia sitaki kubaki peke yangu porini. Je nimwambie tu aende zake? Na hizo kilomita 40 nitaziweza kweli wakati sijawahi kuzidisha 15? Na tubebe chakula gani?
Mama wawili, Segerea

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kukubali. Naanza na rafiki yako kabla ya kilomita, kwa sababu mkienda wawili umbali kama huo mwendo ndo unaamua siku nzima itakuaje, na nyie mwendo wenu hamjauongelea, mmeahidiana tu. "Tutaenda wote mwanzo mwisho" ni ahadi ya upendo lakini haisemi nani anakaa mbele, haisemi kwenye mlima mnatembea au mnakimbia, haisemi mmoja akichoka inakuaje. Mkae chini mkinywa chai myaongee hayo uso kwa uso, msiyafanye kwa meseji.

Msimamo wangu ni huu na sijawahi kuona sababu ya kuubadilisha: mkishakubaliana kwenda pamoja, mwendo ni wa yule mwenye kasi ndogo, kuanzia kilomita ya kwanza, msisubiri mpaka achoke. Na yeye ndo anakaa mbele. Watu wengi wanafanya kinyume, mwenye mbio anatangulia, anafika juu ya kilima anasimama kumsubiri mwenzie, anapumua, anakunywa maji, anapiga na picha, afu mwenzie akitokea tu anahema anaambiwa haya twende. Umeona kilichotokea hapo? Mwenye nguvu kapumzika dakika tatu, aliyechoka hajapumzika hata moja, na inajirudia hivohivo kila kilima mpaka yule wa nyuma anaishiwa kabisa na anaanza kujiona mzigo, kumbe hajapewa nafasi ya kuvuta pumzi tangu asubuhi. Ukikaa mbele wewe hilo halipo. Yeye akiwa nyuma yako anaona unavyokanyaga, anajua lini umeanza kuburuza raba, na hata akijisahau hawezi kukuacha.

Kwahiyo usimwambie aende zake. Mwambie, shoga mi nataka twende wote ila nitakaa mbele mimi, na kama siku hiyo unataka kupima mbio zako niambie saivi nitafute mtu wa mwendo wangu, sitanuna. Mpe nafasi ya kusema ukweli. Akisema anataka kukimbia zake hajakosea kitu, waandaaji watakuunganisha na watu wengine mana mialiko ya namna hii huwa na watembeaji wengi. Kinachoumiza ni kuligundua hilo kilomita ya 20 katikati ya miti.

Na yeye asione kukaa nyuma kunamshusha. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 alivumilia kilomita 42 nzima afu akampita Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye mstari, wote wakaandikiwa saa 2 dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu 3 za mia za sekunde. Mtu mwenye mbio kweli anaweza kuzishika. Tena kwa shoga yako itakua siku nzuri ya kujifunza kukaa kwenye miguu masaa mengi, jambo ambalo wakimbiaji wa kasi wengi hawalijui.

Kingine cha kukubaliana mapema ni mmoja akitaka kuacha. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kati ya kituo na kituo hamuachani kwa sababu yoyote, hata mkigombana. Mkishafika kituoni penye watu, aliyechoka tu akisema mi naishia hapa, mwenzie ana ruhusa ya kuendelea na moyo mweupe. Lakini kama mtu ameumia au anajisikia vibaya, wote mnaishia hapo mpaka akabidhiwe kwa mtu wa huduma ya kwanza au kwa ndugu. Semeni hilo kwa sauti kabla ya siku yenyewe, mana kule juu mtu anaona aibu kuacha kwa ajili ya mwenzie na anajilazimisha mpaka anadondoka.

Sasa kilomita. Saa kumi na mbili mpaka saa kumi ni masaa 10, gawa 40, ni kilomita 4 kwa saa pamoja na kusimama. Mtu mzima anaetembea kwa kuchangamka barabarani anaenda kilomita 5 kwa saa, yani kwa kutembea tu ungemaliza masaa 8 na masaa mawili yakabaki ya vituo, vilima na kufunga kamba za viatu. Porini unapungua kasi kidogo, ndo mana hayo mawili yapo. Kwahiyo kukuuliza kama utaweza kukimbia kilomita 40 sio swali lenyewe, wewe unatakiwa uweze kukaa njiani masaa nane au tisa bila kuharibika. Vilima mnatembea, vyote, hata vidogo, tangu asubuhi mkiwa na nguvu. Tambarare na mteremko laini mnakimbia taratibu. Usione kutembea ni kushindwa, hata kwenye UTMB, zile mbio za kuzunguka mlima Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, kilomita karibu 170 na kupanda jumla ya mita kama 10,000, hata wanaoshinda mule milima mikali wanaitembea mikono ipo magotini au wameshika fimbo. Na huko Uingereza kuna chama cha watembeaji wa masafa marefu kipo tangu mwaka 1972, kinaandaa safari kama hiyo yenu karibu kila wikiendi, unapewa maelezo ya njia, vituoni kuna chai na keki, anaetembea na anaekimbia wapo pamoja na hakuna anaetangazwa mshindi. Kwahiyo mlichoalikwa kina watu wake dunia nzima na wengi wao ni watu wazima wenye kazi na watoto kama wewe.

Kipimo cha mwendo mnacho tayari. Zile nyimbo mnazoimba jumamosi kwenye jogging, kiitikio kikikushinda punguza. Kwa masaa sita ya kwanza hakikisheni mnaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi.

Mazoezi yahesabu kwa masaa. Kuanzia saivi safari yako ndefu ya jumamosi iongezeke nusu saa kila wiki, wiki tatu unaongeza ya nne unapunguza mwili upumzike, mpaka ufike masaa matano au sita, hiyo ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya siku. Kwa Segerea upo pazuri, Kinyerezi mnayoijua msigeuze, endeleeni Kifuru mpaka Malamba Mawili, kule milima ipo ya kutosha na ukitoka lami kuna njia za udongo. Wikiendi nyingine nendeni Goba na Madale mkapande na kushuka. Kushuka kufanyieni mazoezi makusudi, mana kesho yake kinachouma mapajani ni kushuka. Afu angalau mara moja fanyeni safari ndefu na shoga yako, wewe mbele, begi lile lile, raba zile zile na chakula kile kile, ndo mtajua kama makubaliano yenu yanatembea.

Chakula usikifanye kigumu. Mwili kwenye safari hiyo unataka wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa, ndizi mbivu moja ya wastani inakupa kama 25. Tende, viazi vitamu vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi, kashata, chapati iliyosokotwa, vyote vinafaa. Kula kidogo kidogo kuanzia saa ya kwanza, kila nusu saa, hata kama njaa hamna, mana njaa ikishakuja porini na kichefuchefu kinakuja nayo na huwezi kumeza tena. Hapa rafiki ni msaada mkubwa, mpeaneni kazi, yeye ndo akukumbushe kula wewe na wewe umkumbushe yeye. Asubuhi kunywa uji na mkate masaa mawili kabla, mambo ya mafuta mengi yaache.

Maji ndo naomba niseme zaidi kwa sababu hapa kwetu mtu akilalamika chochote anaambiwa kunywa maji. Mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon, asilimia 13 wakakutwa chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango, na waliokua hatarini zaidi ni wale waliokunywa mpaka uzito ukaongezeka na wale waliochukua muda mrefu njiani. Wewe utakua njiani muda mrefu. Kunywa kiu ikikutuma, usijilazimishe kila kituo chupa nzima. Beba lita moja na nusu, na pakiti mbili za ORS za duka la dawa, moja inachanganywa kwenye lita moja, usiipunguzie maji ili iwe kali. Mtu ambae kichwa kinauma, anatapika, vidole vimevimba mpaka pete imebana, na amekunywa maji mengi siku nzima, huyo msimuongezee maji, apelekwe kwa mtaalamu.

Upande wa pili ni joto. Mwezi wa nane una nafuu kuliko Januari lakini msitu wa pwani una unyevu, kivuli kipo hewa haipiti, jasho linamwagika halikauki. Mtu akizidiwa na joto yeye mwenyewe hajui, anaejua ni mwenzie. Kila baada ya muda muulize swali la kufikiria kidogo, kituo kilichopita tulifika saa ngapi, au ulimwambia nani abaki na watoto. Akijibu hovyo, akayumba, akawa mkali bila sababu, mnasimama. Kivulini, maji mwili mzima, shingoni, kwapani, kinena, pepea kwa khanga, halafu ndo upige simu. Kupoza kunaanza, usafiri unafuata.

Na tafadhali msimeze diklofenaki asubuhi eti kuzuia maumivu. Najua ipo kila nyumba. Dawa za kundi hilo pamoja na jasho na masaa mengi zinabebesha figo mzigo mkubwa. Mafuta ya mgando pakeni mapajani, kwapani, chini ya mkanda wa sidiria na katikati ya vidole vya miguu, soksi za pamba tupu achaneni nazo zinalowa na kuleta malengelenge. Filimbi, simu yenye chaji, namba za waandaaji ziandikwe na kwenye karatasi.

SWALI: Kocha mambo. Mi na mshkaji wangu wa Mbagala tunataka kuingia trail ya kilomita 30, wanasema lazima raba za porini, dukani bei zimesimama. Tukachukue za mtumba Karume au tuende na za kawaida tu?
Mdau wa Rangi Tatu

JIBU: Poa mdogo wangu. Kiangazi, njia kavu, kilomita 30, za kawaida za kukimbilia zinatosha kama soli bado ina meno na mguu wako umeshazizoea. Kama kuna mvua au udongo wa mfinyanzi, hapo za meno marefu zina kazi.

Karume zipo nzuri na wengi nawajua wanakimbilia hizo, ila chagueni kwa mikono, msidanganywe na kuoshwa. Raba ya mtumba inaweza kuwa nyeupe kama imetoka kiwandani na ndani sponji limeshakufa. Iweke juu ya kitu bapa uiangalie kwa nyuma, ikiwa imelala upande mmoja achana nayo. Bonyeza kwa kidole gumba ule ukuta wa sponji pembeni, ikiwa ngumu kama mti au ina mikunjo midogo midogo imejipanga mistari, huyo ameshakimbia mbio zake zote. Kunja kiatu mbele huku unaangalia pale soli inapokutana na kitambaa, gundi iliyokaa miaka kwenye kontena ikipata joto inaachia, na soli kubanduka kilomita ya 12 ni kurudi peku. Ikibanduka kidogo tu hapo sokoni, fundi viatu anaweza kuishona pembeni pande zote, mwambie ashone asiishie kupaka gundi.

Nendeni jioni miguu ikiwa imetanuka, vaa na soksi utakazokimbilia, mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kwenye mteremko kucha zitageuka nyeusi. Na msinunue juzi mkakimbia leo, zitembeleeni wiki tatu kwanza.

SWALI: Habari kocha, sisi ni marafiki wawili tunakaa Kigamboni. Tumetembea sana ufukweni kuanzia Mjimwema kuelekea Gezaulole na Kimbiji, tukapata wazo tuwaalike watu kama 30 hivi siku moja, safari ya kilomita 25, wa kutembea na wa kukimbia, bila kiingilio kikubwa, watu wachangie maji na matunda tu. Hatujawahi kuandaa kitu. Tuanzie wapi?
Wawili wa Mjimwema

JIBU: Wazo zuri sana na watu 30 ndo idadi ya kuanzia, msikubali wafike mia mara ya kwanza hata wakiwabembeleza.

Mnaanza na bahari. Kabla hamjachagua tarehe angalieni jedwali la maji, mana pwani yetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwezi mwandamo, tofauti ya kupwa na kujaa inazidi mita 3. Ufukwe mliouona mpana mchanga mgumu unatembea kama lami, masaa sita baadae haupo, maji yamegonga kuta za viwanja vya watu. Pangeni watu waanze maji yanapokupwa, na yule wa mwisho kabisa awe ameshatoka kwenye vipande vyembamba kabla hayajarudi. Hesabuni kwa huyo wa mwisho, wa kwanza atajitegemea. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo tarehe mliyoikagua jumamosi hii jumamosi ijayo saa zake ni nyingine kabisa. Waulizeni wavuvi wa pale, wanajua kila mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko na unajaa saa ngapi, kuliko programu yoyote ya kwenye simu.

Ruhusa, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa kwa kila mtaa mnaopita na muwape taarifa polisi, wenye hoteli na viwanja ongeeni nao mapema kwa adabu, wengi wanakubali wakijua watu wanapita saa ngapi. Ambao siku moja watapenda kwenda Pugu-Kazimzumbwi, ile ni hifadhi ya msitu chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, huko kibali ni cha kwao na kiingilio kipo.

Halafu nyie wawili. Najua mnatamani kukimbia na wageni wenu. Siku hiyo hamkimbii. Mmoja anakaa na daftari mwanzo na mwisho, mwingine anatembea nyuma ya mtu wa mwisho, na hampishani mpaka imeisha. Daftari liwe na jina, namba ya simu na namba ya ndugu wa kila mtu, asubuhi mnahesabu vichwa, kila kituo kinahesabu, mwisho mnahesabu tena. Mtu haondolewi kwenye orodha kwa kusikia "nimemuona kapanda boda", anaondolewa akionekana kwa macho au akipokea simu yeye mwenyewe. Hili msilegeze hata kidogo. Mtu anaweza kujisikia vibaya akaenda kulala kivulini nyuma ya mnazi, wote mkajua kaondoka.

Alama za njia, tumieni vipande vya vitambaa, fundi cherehani yeyote anavitupa mfuko mzima, rangi moja kali mfano nyekundu, funga urefu wa macho, kila penye njia panda fungeni kabla ya kona, kwenye kona na hatua kama thelathini baada ya kona ili mtu ajihakikishie. Mchangani chokaa inaweza kufutwa na maji na upepo, kwahiyo kwenye kona muhimu simamisheni mtu. Anaetembea nyuma anavifungua vyote anarudi navyo. Maji wekeni kwenye madumu, kila mtu aje na kikombe au chupa yake, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na ufukwe tayari una takataka za kutosha.

Hela. Michango iingie kwenye simu ya mmoja, daftari la hela ashike mwingine, kila jioni mnalinganisha, na mkimaliza mnatuma mchanganuo kwenye grupu hata kama imebaki elfu tatu. Nimeona marafiki wa miaka mingi wametengana kwa matunda ya elfu arobaini, na hakuna aliyeiba, hawakuandika tu. Bodaboda mmoja mnaemwamini akae na mafuta full kutwa nzima, mumlipe vizuri, na mjue zahanati iliyo karibu na kila kipande cha njia ni ipi na inafunguliwa siku hiyo.

SWALI: Kocha, mwezi uliopita nilikwenda na rafiki yangu mbio za milimani, tulikubaliana twende pamoja. Baada ya kituo cha pili akaniacha, nikamaliza na watu nisiowajua nalia. Mpaka leo hajaniomba radhi, ananipostia picha zake za medali. Nimemute. Nifanyeje?
Niliyeachwa, Ubungo

JIBU: Pole sana dada, na hao usiowajua waliokufikisha Mungu awabariki. Una haki ya kuumia, mliahidiana na ahadi haikutunzwa.

Ila kabla hujafunga mlango muulize jambo moja tu, pale kituo cha pili ilikuaje. Muulize kweli, unyamaze usikilize. Mtu akishachoka anaona hatua mbili tatu za mbele yake basi, nyuma hakumbuki, na wapo wanaodhani mwenzao katangulia kumbe yupo chooni au anajaza chupa, wanaanza kumkimbiza mtu ambae yupo nyuma yao. Inawezekana nae alimaliza anakutafuta. Inawezekana pia aliona unamchelewesha akaamua. Hayo mawili ni tofauti kabisa na huwezi kuyajua kwa picha za medali.

Ikiwa ni la kwanza, atashtuka kusikia ulilia, na mtasameheana hapo hapo. Ikiwa ni la pili na anakiri, bado anaweza kuwa rafiki yako wa chai, wa misiba na harusi, ila porini tafuta mtu mwingine na umwambie hivyo bila hasira. Mpigie, usimwandikie. Na kama anakaa karibu, nenda kwake kabisa.